Kusubiri Neno la Baba

Jumatatu, 24 Machi

Abigael amesema niandike. Abigael ni yule msichana wa bara anayewafundisha watu kusema upya pale kliniki, Malindi mjini. Anataka kila siku niandike jambo moja ambalo Baba ameweza kulifanya, hata liwe dogo namna gani, ili tukionana tena aone tunaelekea wapi. Nimemwambia mimi ni muuza mahamri, kalamu niliiaga zamani. Akasema basi andika kama unavyosema. Asije akanilaumu.

Haya. Baba leo amekunywa uji bila kusaidiwa, na uliomwagika ni kidogo.

Baba yangu ni Kambi, mkulima wa hapa Ganda. Kiharusi kilimpiga mwezi wa Januari akifunga ua wa mbuzi. Mguu umerudi, mkono unarudi polepole, akili haikwenda popote. Kilichobaki ni mdomo. Umeelemea upande mmoja, na neno likitoka hutoka nusu, kisha Baba huona haya na kulimeza lililobaki. Mtu aliyekuwa akiitwa kuamua ugomvi wa mipaka kijiji kizima, siku hizi anaitikia kwa kichwa. Mama alifariki zamani, kwa hivyo nyumbani tuko watatu: yeye, mimi, na mdogo wangu Vivian anayeuza katika duka la vitambaa huko mjini.

Jioni Vivian amekuja na habari. Watu wa Kioko, mchumba wake, wanaomba waje Jumamosi ya tarehe 14 Juni, mvua zikishapungua. Kioko ni Mkamba, wazazi wake wamekaa mtaa wa Barani, hapa hapa Malindi, miaka na miaka, yeye ni fundi wa friji, kijana mpole. Nimepiga kigelegele hapo hapo jikoni. Lakini kuna jambo. Kwetu wageni wakileta kadzama, yaani kile kibuyu cha tembo la mnazi cha kumwombea binti, baba hakinywi mpaka amwulize binti mwenyewe mbele ya watu: ninywe au nisinywe? Binti akisema kunywa, mambo yanaendelea. Akinyamaza, kibuyu kinarudi kilikotoka. Na mwenye kuuliza ni baba. Baba asipoweza, ndugu yake ndiye huuliza.

Baba mdogo Lewa, aliyekuwa amekuja kula, akasema yeye yuko tayari, tusihangaike. Baba akaweka kijiko chini na kutoka nje.

Tulipokuwa tukiosha vyombo Vivian ameniambia: "Dada, nataka kuulizwa na Baba. Hata akiuliza kwa neno moja, nitamjibu."

Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Wasiwasi nimebaki nao mimi.

Jumanne, 25 Machi

Joto kali. Baba amefunga vifungo vya shati. Kimoja kimekosa tundu lake.

Alhamisi, 27 Machi

Abigael alitupa maputo, Baba awe anayapuliza ili midomo ipate nguvu. Leo nimempa lile jekundu. Amelitazama, akanitazama mimi, akaliweka kitini na kulikalia.

Nimemwambia aache ukaidi. Nimemwuliza kama anataka Lewa ndiye amwulize Vivian. Nimesema mengi, maana mimi nikianza sina breki. Yeye akazidi kulikalia puto, na hilo likazidi kunikasirisha. Jioni kuku wamelidonoa puto likatoboka, na nadhani nimemwona akitabasamu kwa ule upande mzima.

Jumapili, 30 Machi

Baada ya ibada watu wamemzunguka Baba kumsalimia. Kwetu salamu haziishi upesi: mwalamukadze, yaani mmeamkaje, wa nyumbani je, shamba je, mbuzi je, mvua je. Nimejibu zote. Ameamka vizuri, anakula, analala, mbuzi wazima. Mama Menza, jirani yetu, amesema Mungu atanilipa kwa jinsi ninavyomtunza mzee. Nimerudi nyumbani nimefura kama unga wa mahamri.

Baba hakugusa chakula. Sijui kimempata nini.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua ya kwanza. Tumepanda mahindi mimi na Vivian. Baba amesimama kwenye pembe ya shamba akitukagua mistari kwa macho.

Alhamisi, 3 Aprili

Baba amevuta kitanda chake mpaka katikati ya chumba. Sijui aliwezaje kwa mkono mmoja. Nimekirudisha ukutani. Shuka lilikuwa limelowa. Nimelifua, sikusema kitu.

Jumamosi, 5 Aprili

Kuni zimelowa zote. Nilikuwa na unga mikononi, mafuta hayajapata moto, na wateja wa alfajiri hawaelewi habari ya mvua. Moshi ukanijaa machoni, nikaanza kuwatukana wauza kuni wote wa Ganda, walio hai na waliokufa. Nikasikia fimbo ya Baba mlangoni.

Baba hakai jikoni. Mzee wa kwetu hakai mekoni hata kwa bahati mbaya, ataonekana hana kazi. Lakini ameingia, akashuka taratibu mpaka kwenye kigoda, akainama mbele ya mafiga na kupuliza. Mara ya kwanza pumzi imetokea pembeni, na mate. Nikataka kusema Baba acha, hii si kazi yako. Akapuliza tena. Midomo ilijikusanya, ikawa mviringo kabisa, na moto ukashika.

Nimesimama na kidonge cha unga mkononi nikamtazama. Puto hakulitaka kwa sababu puto halipiki kitu.

Mama Menza amechungulia akija kununua, akasema mzee Kambi leo ni mpishi. Baba ameinuka na kuondoka.

Jumatatu, 7 Aprili

Kitanda tena katikati ya chumba. Nimekirudisha. Shuka limelowa tena, hapo hapo kiunoni. Nimetandika nailoni chini ya shuka, nikamwambia Baba asijali, ni ugonjwa, na mtu mzima naye humtokea. Amefungua mdomo, akanyoosha mkono juu, akabaki hivyo. Nikajua anasikia baridi. Nimemfunika blanketi mpaka shingoni.

Jumatano, 9 Aprili

Nimefunga makuti mawili kando ya mlango wa jikoni, upande wa njia. Nimemwambia Vivian ni ya kuzuia upepo. Asubuhi Baba ameyatazama yale makuti, akakaa mekoni akapuliza moto mpaka nimemaliza kukaanga. Mpita njia haoni kitu.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Amepuliza. Kitanda, nimekirudisha.

Jumatano, 16 Aprili

Naandika nikiwa na hasira.

Leo ilikuwa siku ya kliniki. Nimemweleza Abigael habari za moto, akafurahi mpaka akapiga makofi. Akasema tuachane na maputo kabisa. Kisha akamgeukia Baba: "Shikamoo, mzee. Umeamkaje?"

Nikasema ameamka vizuri.

Akamwuliza kama dawa anazimeza. Nikasema anazimeza kila asubuhi na chai. Akamwuliza analala vipi. Nikasema analala ila siku hizi anajikojolea, nimemtandikia nailoni. Baba akageuza uso akatazama ukutani.

Abigael akaweka kalamu. "Dada Mapenzi, samahani. Nilikuwa namwuliza yeye."

Nikamwambia si anaona hali yake. Akasema anaiona, ndiyo maana anamwuliza. Akasema mtu akitoka kuugua hivi, neno lake huwa liko mbali, analifuata kwa miguu, na akifika anakuta mwenzake ameshalichukua. Basi kesho haendi tena. Akanieleza la kufanya: Baba akiulizwa, nimtazame yeye badala ya yule aliyeuliza. Nisimmalizie. Nisimwambie sema. Ningoje tu, na akishindwa, nimshukuru kwa kujaribu.

"Hicho tu?" nikamwuliza.

"Hicho tu. Lakini ni kigumu. Mzee akikawia, wewe unaogopa nini?"

Sikumjibu. Msichana mdogo hivi, hana hata mtoto, ananiuliza naogopa nini. Tangu Januari ni nani anayemwosha, anayempikia, anayemfunga kamba za viatu?

Alhamisi, 17 Aprili

Nimejaribu. Nimeshindwa kwa Mama Menza, kwa mwalimu, kwa muuza maziwa na kwa mchungaji.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Nimepata dawa ya mdomo wangu. Ni maji.

Tulikuwa nje ya kanisa, nimetoka kunywa kwenye mtungi, na kabla sijameza akaja mzee Thoya kumsalimia Baba. Nikakwama. Ningejibu ningemmwagia mzee wa watu maji kifuani. Nikabaki na mashavu yamejaa, nikimtazama Baba kama nilivyoambiwa. Mzee Thoya akangoja. Baba akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua. Ilikuwa kitambo kirefu, wallahi nilisikia mpaka nyuki. Kisha akasema, "N... nzuri."

Nimemeza maji pamoja na machozi.

Jumatatu, 28 Aprili

Siku hizi sitoki bila chupa ya maji. Mtu akimkaribia Baba, napiga funda na kulishikilia. Wateja wanadhani nina jino bovu, na Mama Menza ameniletea karafuu. Vivian anacheka mpaka anakaa chini.

Lakini nimeona jambo. Nikinyamaza, watu nao wanajifunza. Mwanzoni walikuwa wakimsalimia Baba huku wakinitazama mimi. Sasa wanamtazama yeye. Wiki hii amesema nzuri, amesema mvua, na amemwambia muuza maziwa karibu. Maneno yenyewe yanatoka yamekunjamana, ila ni yake.

Nimeona na jingine, na hili silipendi. Kumbe kile kimya kinaniuma mimi kuliko yeye. Akikawia, nahisi kama siku ile ya ua wa mbuzi, nilipomwita akawa haitiki. Ndicho ninachokiogopa, Abigael. Umeuliza, nimekujibu.

Jumanne, 6 Mei

Mvua kubwa siku ya tatu. Njia ya stendi imekuwa mto. Nimeuza mahamri machache, mengine tumekula wenyewe. Kitanda katikati. Nimekirudisha.

Jumamosi, 10 Mei

Leo nimeharibu.

Baba mdogo Lewa amekuja kupanga habari za wageni. Yeye ni mzee wa kanisa, na anataka kadzama iwe soda. Vivian akasema kwa adabu kwamba mnazi ni desturi, na Baba atalowesha midomo tu, kwa sababu ya dawa. Lewa akasema haya, hilo tuliache, ila mwenye kuuliza awe yeye, imalizwe. Akasema mbele ya Baba, kama vile Baba ni kabati: "Hataweza. Tusijitie aibu mbele ya watu wa bara."

Chupa yangu ilikuwa pembeni yangu, imejaa, sikuigusa. Nimesimama nikamwambia Lewa kwamba Baba ataweza, tena atasema kila kitu, salamu, karibu, kadzama na shukrani, na wageni watashangaa. Nimesema hajui lolote maana haji ila kunapopikwa. Nimesema Baba anamwona hana maana. Hilo Baba hajawahi kulisema, nimelitunga mimi kwa hasira.

Baba amepiga fimbo chini. Akatutazama Lewa na mimi, sawasawa, mmoja baada ya mwingine. Kisha akatoka akaenda kusimama kwenye mahindi, mvua ikimnyeshea, na nilipompelekea mwavuli aliusukuma kwa mkono ule mbovu.

Jumapili, 11 Mei

Hakupuliza moto.

Jumatatu, 12 Mei

Hakupuliza. Kanisani jana hakuitikia salamu hata moja.

Jumatano, 14 Mei

Hakupuliza. Vivian amesema labda tuwaombe akina Kioko wasogeze tarehe. Alisema bila kunitazama. Amekuwa akishona pindo la ile leso atakayovaa siku hiyo, na leo ameikunja akaiweka juu ya kabati.

Alhamisi, 15 Mei

Leo sikuwasha moto. Sikukanda unga. Wateja nao watajua wenyewe.

Baba alipoamka alinikuta nimekaa mekoni, majivu ya jana mbele yangu. Nikapiga funda la maji. Hakuna aliyekuwa amemwuliza kitu, ila nilijua nikiachwa nitaanza kuomba msamaha kwa hotuba. Akaingia akakaa kwenye kigoda. Mvua ilikuwa ikinyesha, upepo unatoka baharini. Tukakaa.

"Mapenzi," akasema.

Jina langu sijalisikia kwake tangu Januari. Nikashikilia maji yangu.

"Paa."

Nilikuwa na maswali kumi tayari nyuma ya meno. Paa gani, paa la jikoni, unataka nini juu ya paa. Maji yakayazuia. Baba akafumba macho akalifuata neno lake, nikaona kabisa anavyolifuata, na mkono ukanyooka juu kama ulivyonyooka siku ile nilipomfunika blanketi.

"Lina... vuja. Juu ya... ki... tanda."

Nimekimbilia chumbani kwake. Kitanda kilikuwa katikati. Nikasimama pale pale ukutani ninapokirudisha kila siku, nikatazama juu. Makuti yameoza pale pembeni, na upepo wa baharini ukiyainua, tone linaanguka, kisha jingine. Upepo ukituama haliji hata moja. Tone moja likaniangukia usoni.

Baba yangu hakujikojolea. Hakujikojolea hata siku moja. Alikuwa akivuta kitanda kwa mkono mmoja ili asilowe, na binti yake anakirudisha kwenye tone, anamtandikia nailoni kama mtoto, kisha anakwenda kumtangaza kliniki. Naye muda wote alikuwa akijaribu kuniambia.

Nimerudi mekoni nikapiga magoti. Maji nilikuwa nimeshayameza, lakini maneno hayakuja. Nimelia tu. Baba ameniwekea mkono kichwani, ule mbovu. Baadaye akapanga vijiti kwenye mafiga, akawasha kibiriti, akapuliza. Moto ukakataa, ukafuka moshi.

"Kuni zako," akasema, na nikamngojea, "mbichi."

Jumamosi, 17 Mei

Nimempelekea Baba mdogo Lewa salamu na mahamri, na kumwomba radhi. Amekuja leo mwenyewe na makuti mapya na kamba, akapanda juu ya paa, na umri ule. Baba alisimama chini na fimbo akimwelekeza. Kwa kuwa Lewa hakuona paa linapovujia, ilibidi angoje aambiwe. "Ku... shoto," Baba akisema, na Lewa juu ameshika kuti, ameganda. Kazi ya asubuhi moja imechukua kutwa nzima.

Tulipokuwa tukinywa chai Lewa ameniambia kitu. Baba yao alipokufa, kaka yake ndiye aliyemlea. Hajawahi kumwona akikosa neno. Sasa akikaa naye kile kimya kinamtia hofu, ndipo anapopayuka. Nimemtazama huyu mtu niliyekuwa nikimwita mpenda kula, nikaona tunafanana kama pacha. Nimemweleza siri yangu ya maji. Amecheka, kisha akauliza kama soda nayo inafaa.

Jumapili, 18 Mei

Mvua usiku kucha. Kitanda kiko ukutani. Shuka kavu. Nailoni nimeitoa nikafunikia kuni.

Alhamisi, 22 Mei

Nimekwenda na Baba kliniki. Abigael alipomwuliza analala vipi, nilipiga funda. Baba akasema, "Paa lilivuja." Nilipomeza nimemweleza Abigael mwenyewe, mbele ya Baba, kwamba lile nililolisema halikuwa kweli. Baba ametikisa kichwa, kwamba yamekwisha.

Jumanne, 27 Mei

Mahindi yamefika magotini. Nimeyaondoa yale makuti ya mlangoni. Baba mwenyewe aliyasukuma kwa fimbo. Mama Menza amepita akamwona amekaa mekoni, akasema eti mzee bado ni mpishi. Tukamngojea, mimi na Mama Menza pia.

"Nalipia mahamri," Baba akamjibu.

Mama Menza amecheka mpaka ameshika ukuta.

Jumanne, 3 Juni

Kila asubuhi baada ya kupuliza, Baba huuambia moto: ninywe? Akidhani sisikii. Siku nyingine linatoka. Siku nyingine linakwama kwenye ile ny, na anaanza upya. Lile la pili, nisinywe, hajalijaribu. Vivian ameteremsha leso yake kutoka kabatini.

Jumatano, 11 Juni

Leo halikutoka kabisa. Wala jana.

Ijumaa, 13 Juni

Sitaandika. Nina mchele wa kuchagua.

Jumamosi, 14 Juni

Mvua ilinyesha alfajiri ikakatika. Tulifunga turubai uani, tukatandika mikeka, tukapanga viti vya kanisa. Wageni wakafika wakiwa na matope mpaka vifundoni, wanawake wa Kikamba wakiimba, wa kwetu wakiwajibu. Msemaji wao alikuwa Nicholas, mjomba wa Kioko, mtu mzito mwenye kofia. Alivua kofia, akaenda moja kwa moja kwa Baba: "Shikamoo, mzee." Akangoja, hakunitazama mimi. Sijui ni Kioko aliyemwambia au ndiyo adabu yake.

"Marahaba," Baba akasema. "Ka... ribuni."

Nilikuwa nyuma ya kiti chake na chupa yangu, nimeshameza funda la pili.

Wakasema yao, wakasifu nyumba, wakaleta kibuyu na mrija wake wakakiweka mbele ya Baba. Vivian akaitwa. Akaja amevaa ile leso, akapiga magoti mkekani, macho chini. Baba akakishika kibuyu kwa mikono miwili, nao mnazi ukawa unatikisika ndani.

Baba akafungua mdomo. Hakuna kitu. Akaufunga. Nikaona mshipa wa shingo. Watu wakaanza kutazamana, mtoto mmoja akakohoa. Mwisho wa safu ya viti alikaa Baba mdogo Lewa, goti linacheza, na nikamwona anavuta pumzi ya mtu anayetaka kusema. Mdomo ukafunguka kabisa. Nami nilikuwa mbali naye, siwezi kufanya kitu.

Vivian ndiye aliyenyanyuka. Alichukua kikombe cha maji kilichokuwa mbele ya wageni, akampa kwa mikono miwili: "Baba mdogo, kunywa maji kwanza."

Lewa akamtazama. Akaelewa. Akapiga funda, akalishikilia, mashavu yakamtoka, na macho yakaanza kumlenga machozi. Wageni wakadhani ni desturi yetu, maana nilimwona Nicholas akitafuta kikombe chake. Vivian akarudi kupiga magoti.

"Vivian," Baba akasema.

Tukangoja.

"Ninywe?"

Hapo mimi nilikuwa nimeridhika, ningeweza kufa. Lakini Baba hakuwa amemaliza. Akafumba macho, akaenda tena huko anakokwenda, peke yake, na hakuna aliyemfuata.

"Au... nisi... nywe?"

Swali lote. Kama anavyouliza baba yeyote.

Sasa ikawa zamu ya Vivian, naye hakuweza. Machozi yalikuwa yakianguka juu ya leso, anafungua mdomo na hakitoki kitu. Wanawake wakaanza: sema mwanangu, jibu, baba anangoja. Kioko upande wa pili uso ulikuwa umepauka kama majivu. Dakika ikapita, ikaonekana kama binti amekataa. Na mimi, baada ya masika yote haya na chupa zote nilizokunywa, nikainama mbele nikasema, "Amekuba..."

Baba akainua mkono. Hakugeuka kunitazama.

"Mngojeeni," akasema, na lilitoka zima, neno moja, kwa ile sauti ya zamani ya kuamulia mipaka.

Uani kote hapakusikika ila matone yakidondoka kutoka kwenye turubai. Lewa bado alikuwa na maji mdomoni. Baba alimtazama binti yake bila haraka, kibuyu mikononi, na nilijua angekaa hivyo mpaka usiku kama ingehitajika.

"Kunywa, Baba," Vivian akasema.

Akainama, midomo ikajikusanya kwenye mrija, akavuta. Halikumwagika hata tone. Sikusikia vigelegele vilipoanza, maana nilikuwa mmoja wa waliovipiga.

Jumapili, 15 Juni

Manyunyu asubuhi. Baba amepuliza moto. Mama Menza amekuja kununua, akamwuliza ameamkaje baada ya shughuli ya jana. Chupa yangu ilikuwa ndani, na mdomo wangu ulikuwa mtupu. Nimeendelea kusukuma mahamri mpaka Baba alipomjibu.